Sekondari ya wavulana kwa mtoto mwenye haya: maswali ya wazazi wa Tanga

Kila Septemba, watoto wa darasa la saba wakishatoka kwenye chumba cha mtihani, mazungumzo ya wazazi kuanzia Ngamiani hadi Pongwe huwa ni hayohayo: mtoto aende wapi? Mzazi wa kijana mwenye haya ana swali la ziada ambalo halisemi kwa sauti: ataweza kweli? Nimefundisha sekondari hapa Tanga na kukaa kwenye chumba cha malezi na unasihi, kwa hiyo majibu haya yana upande, na bora niuseme mapema. Mtoto mkimya mtafutie shule ambayo kuna mtu mzima mmoja atakayegundua siku asipokula. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Mwanangu haongei mbele za watu. Ni haya tu, au ana tatizo?

Mtoto mwenye haya huongea, ila anachagua pa kuongelea. Nyumbani anabishana na dada zake, kwa bibi anasimulia mpaka anaambiwa akalale. Wapo vijana wa hapa mjini ambao darasani hawanyooshi kidole muhula mzima, lakini usiku wa maulidi wanasimama mbele ya msikiti uliojaa na kusoma mlango wao, yaani sehemu yao ya kisomo, bila sauti kutetemeka. Kijana wa namna hiyo hana ugonjwa wowote. Anataka kitu alichokifanyia mazoezi, mbele ya watu anaowajua.

Hata hivyo, kabla hujahitimisha kwamba ni haya, mpime masikio na macho. Nimeona watoto walioitwa wapole miaka saba kumbe hawamsikii mwalimu wakikaa nyuma, na wengine hawasomi ubao. Hospitali ya Bombo wanapima. Kigugumizi nacho ni jambo lake: mwenye kigugumizi mara nyingi anajua jibu na ana hamu ya kulisema, anachoogopa ni kicheko.

Na kama alikuwa mchangamfu akanyamaza ghafla, hapo usianze na habari za shule. Kaa naye, umuulize taratibu nani anamtisha, nani anampiga, nani amemgusa. Ukimya wa ghafla una chanzo, na ukimhamisha shule bila kukijua atahama nacho.

Naweza kumchagulia shule ya serikali ninayoitaka?

Kwa kidato cha kwanza, kwa kawaida hapana. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, Ofisi ya Rais TAMISEMI ndiyo inayowapanga wanafunzi, na walio wengi hupelekwa shule ya kata ya jirani, ambayo ni ya kutwa na ya mchanganyiko. Shule hizi ziliongezeka sana kuanzia mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, wa mwaka 2004. Wenye alama za juu kabisa huweza kupangiwa shule za bweni, za ufundi, au za vipaji maalumu. Kwa wavulana, za vipaji maalumu zinazotajwa daima ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora. Hapa kwetu tuna Tanga Ufundi, moja ya shule kongwe za ufundi za serikali.

Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari, nauli na mchango wa chakula bado ni juu yako.

Kwa hiyo uchaguzi wenyewe unaoufanya wewe mzazi ni huu: akubali alipopangiwa, au umtafutie shule binafsi au ya taasisi ya dini. Usidharau hilo la kwanza. Shule ya kata iliyo mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, ambayo nusu ya darasa ni watoto aliosoma nao msingi, inaweza kumfaa mtoto mwenye haya kuliko shule yenye basi la rangi na picha nzuri kwenye kalenda.

Amepangiwa shule ya vipaji maalumu, mbali na Tanga. Nimzuie?

Usimzuie kwa sababu ya haya peke yake. Katika shule hizi kusoma hakuchekwi, na mtoto aliyezoea kuitwa kipanga kwa kejeli anaweza kukuta wenzake wa aina yake kwa mara ya kwanza. Nimewaona wakirudi likizo ya Juni wakiwa wanaongea zaidi ya walivyoondoka.

Kinachowaumiza ni kitu kingine. Alikuwa wa kwanza shuleni kwao tangu darasa la tatu, sasa kwenye mtihani wa kwanza anakuwa wa themanini. Mchangamfu atalalamika, atacheka, yataisha. Mkimya atalibeba peke yake. Mwambie kabla hajaondoka kwamba hilo litatokea, na kwamba wewe nyumbani hutauliza namba. Halafu kweli usiulize.

Hesabu pia safari. Kibaha unafika kwa basi la Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze. Ilboru ni Arusha, njia ni moja kwa moja. Tabora ni kuvuka nchi, na kumtembelea kutakuwa kwa nadra.

Wavulana watupu, au mchanganyiko?

Wazazi wengi hudhani mtoto mwenye haya anaogopa wasichana, kwa hiyo wakiwaondoa wasichana atapumua. Kwa niliyoyaona, kijana wa miaka kumi na tatu anaogopa zaidi wavulana wenzake: wenye sauti nzito tayari, wanaocheza mpira vizuri, wanaogawa majina ya utani siku ya kwanza na majina hayo yakadumu miaka minne.

Shule ya wavulana watupu ina faida zake. Kijana anaweza kuimba, kuigiza, kuchora, kusoma vitabu chini ya mwembe, bila kufikiria wasichana watasemaje. Lakini ina hatari yake: pasipokuwa na uangalizi, ubabe ndio unaokuwa sheria. Tofauti kati ya shule ya wavulana nzuri na mbaya iko kwenye kile kinachopigiwa makofi mstarini. Muulize mwalimu: zaidi ya mpira na kufaulu mtihani, mvulana hapa anasifiwa kwa lipi? Akitaja mdahalo, bustani, skauti, kasida au kwaya, mashine ya kushonea, klabu ya mazingira, endelea kumsikiliza. Akifikiri muda mrefu, umeshajibiwa.

Jambo la kujua ni kwamba shule za wavulana watupu kuanzia kidato cha kwanza si nyingi, na sehemu kubwa yao ni za dini au za binafsi. Kwa wanaotazama upande wa Bagamoyo ipo Marian Boys, ya Kikatoliki. Huku juu Lushoto ipo seminari ya Soni. Lakini seminari ndogo ni mahali pa kulelea vijana wanaofikiria upadri. Kumpeleka mtoto kule kwa sababu tu pametulia ni kuwadanganya watu wawili, yeye na mapadri.

Kutwa au bweni?

Hapa ndipo wazazi wanapokosana na waume zao, wake zao, na wakwe.

Kutwa kwanza. Faida yake ni kwamba kila jioni mtoto anarudi mahali ambapo hahitaji kujitetea. Mtoto mkimya huchoka kuwa na watu, na akishakaa peke yake saa moja anapata nguvu tena. Hasara yake iko barabarani. Wazazi huangalia darasa na kusahau daladala. Saa kumi na mbili unusu asubuhi konda anataka watu wa nauli kamili. Wanafunzi wanasukumana mlangoni, mwenye haya anasogea pembeni kupisha, gari linaondoka, na la pili nalo linaondoka. Anafika saa mbili kasoro, jina lake linaandikwa kwenye orodha ya wachelewaji, anapiga magoti getini. Likitokea mara tatu kwa wiki atasema shule haipendi, na wewe utadhani tatizo ni hesabu. Kama ni kutwa, iwe shule ya kwenda kwa miguu au baiskeli, au mwafikiane na mwenye bajaji mmoja kwa mwezi.

Bweni nalo. Mtoto mwenye haya haogopi sana kulala mbali na nyumbani. Kinachomtesa ni kutokuwa na dakika hata moja ya peke yake: anaamka na watu arobaini, anaoga na watu, anakula na watu, anajisomea jioni, prepo, na watu, analala na watu. Shule yenye maktaba inayofunguliwa jioni, au hata benchi chini ya mti ambako hakuna anayekufukuza, imemwokoa kijana huyu. Shule ambayo kila saa ina kengele na kila kengele ina kazi ya kundi, itamchosha kabla ya Pasaka.

Kuna jambo ambalo wazazi huniuliza wakiwa wamesimama mlangoni, tayari wanaondoka: bado anakojoa kitandani. Si jambo la ajabu kwa mtoto wa umri huo, wala si uvivu. Mpeleke hospitali kwanza. Kama bado linaendelea, kutwa ni salama zaidi kwa mwaka huo wa kwanza. Ukilazimika kumpeleka bweni, ongea na patroni au matroni uso kwa uso, omba apewe kitanda cha chini karibu na mlango, mpelekee mpira wa kufunika godoro na shuka za ziada, na hakikisha anajua pa kufulia mapema kabla wenzake hawajaamka. Patroni akicheka ukimwambia, chukua mkoba wako uondoke na mtoto wako.

Ukitaka kanuni yangu, ingawa kila kanuni ina watoto wanaoivunja: mwenye haya ambaye amewahi kulala nje ya nyumba yenu wiki mbili, kwa shangazi Muheza au kwa mjomba Pangani, na akarudi salama, anaweza kujaribiwa bweni. Asiyewahi, mjaribu kwa shangazi kwanza.

Baba yake anasema bweni litamkaza awe mwanamume. Nimjibuje?

Mwambie baba anataka jambo zuri kwa dawa isiyo yake. Kujiamini huja kwa kufanikiwa jambo dogo mara nyingi, mbele ya watu wachache, kisha wengi. Mtoto aliyetupwa kwenye kelele hujifunza kujificha, na watoto wakimya ni hodari sana wa kujificha: wanakaa safu ya katikati, wanaandika vizuri, hawasumbui, na walimu wanawasahau hadi kidato cha nne.

Halafu mpe baba kazi. Aende naye yeye mwenyewe kununua tranka sokoni, amwache mtoto aulize bei. Aende naye shuleni siku ya kutembelea. Wababa wengi wanaosema mtoto akazwe hawajawahi kulikanyaga bweni analokwenda kukazwa.

Nikienda kuitazama shule, niangalie nini?

Usiende siku ya mahafali. Siku hiyo hata chaki zimepangwa. Nenda siku ya kawaida, saa kumi jioni, baada ya vipindi, wakati walimu wengi wameondoka na watoto wako mikononi mwa walimu wa zamu, patroni na viranja. Ikiwa shule inakataa kabisa mzazi kuona bweni, hata kwa ahadi ya siku nyingine, mimi nisingempeleka.

Anza na vyoo na mabafu. Yana milango? Milango ina komeo kwa ndani? Mtoto mwenye haya kwenye bafu lisilo na mlango ataoga saa tisa usiku au hataoga. Kisha bwalo: simama pembeni utazame foleni ya chakula. Kama kidato cha kwanza wanasubiri hadi wakubwa watwae mara ya pili, mwanao atakula ukoko na maji ya maharage. Tazama chumba cha patroni kiko wapi. Kikiwa upande wa pili wa uwanja, usiku bweni ni la viranja. Bombani au kisimani, tazama nani anachota maji na ndoo zile ni za nani. Kidato cha kwanza mmoja mwenye ndoo tatu si kwamba anaoga sana, anawatumikia wenzake.

Mwisho, omba kuongea na mtoto wa kidato cha kwanza, si kaka mkuu. Kaka mkuu amefundishwa kuongea na wageni. Muulize yule mdogo: “Mwanangu, ukiumwa usiku unamwamsha nani?” Akitaja jina hapohapo, “namwamsha Mwalimu fulani, analala chumba kile,” shule hiyo ina watu. Akikutazama, akamtazama kiranja, kisha akasema “sijui,” umepata unachokitafuta. Sijapata swali jingine linalonipa habari nyingi hivyo kwa muda mfupi, na wakuu wa shule wazuri hawachukii ukiliuliza.

Matokeo ya NECTA nisiyaangalie kabisa?

Yaangalie, ila kwa jicho la mnunuzi. Kwanza, NECTA yenyewe, yaani Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, kwa hiyo mtu anayekuonyesha orodha ya karibuni ya “kumi bora kitaifa” ameitengeneza mwenyewe. Pili, jua daraja la kidato cha nne linavyopatikana: masomo saba bora, A ni pointi moja na F ni tano. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33.

Sasa fanya hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyo, uhesabu wanafunzi. Kisha fungua ya kidato cha nne ya miaka miwili baadaye, uhesabu tena. Kidato cha pili mwaka 2022 ndio kidato cha nne mwaka 2024. Kama walikuwa tisini na wamebaki hamsini, jiulize arobaini wako wapi. Wengine walihama kwa sababu za kawaida. Lakini zipo shule zinazowachuja wasiofikia wastani ili ubao wa getini usomeke “hakuna daraja la nne”, ingawa serikali imelikemea jambo hilo mara nyingi. Mtoto mwenye haya yumo hatarini hapo, maana mwaka wa kwanza mara nyingi anashuka kabla ya kupanda, na mchujo haumsubiri.

Msingi amesoma Kiswahili. Kiingereza hakitamnyamazisha zaidi?

Kitamnyamazisha kwa muda, yeye na wenzake. Mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba anaingia Januari na kukuta Fizikia, Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Mchangamfu anaropoka kwa sarufi iliyovunjika, anachekwa, anacheka nao, na mwezi wa tano anaongea. Mwenye haya anasubiri hadi sentensi ikamilike kichwani, na ikikamilika mwalimu ameshahamia swali jingine.

Baya zaidi ni shule zenye adhabu ya kuongea Kiswahili: kuvalishwa kibao shingoni, au kuandikwa jina. Kusudio lao ni Kiingereza kizoeleke. Kwa mtoto mkimya matokeo yake ni kwamba haongei lugha yoyote. Uliza wazi kama shule ina utaratibu huo.

Uliza pia kama kidato cha kwanza huanza na wiki za mafunzo ya lugha kabla ya masomo yenyewe, na kama ni kweli zinafundishwa au zinaandikwa tu kwenye ratiba. Miezi ya Oktoba hadi Desemba usimjaze kwenye prifomu wani, yale masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, yenye watoto mia kwenye banda moja. Bora mwalimu mmoja na watoto watano, wasome kwa sauti. Kusoma kwa sauti peke yake chumbani nako kunasaidia sana, ingawa ndugu zake watamcheka siku mbili tatu.

Anaganda kwenye intavyu. Nifanyeje?

Shule nyingi binafsi hutoa fomu hata kabla ya mtihani wa taifa, na usaili wake kwa kawaida ni wa kuandika: Kiingereza, Hisabati, pengine Sayansi. Hapo mkimya hana shida. Kwenye mahojiano ya ana kwa ana, usimjibie. Mama anayejibu “anaitwa fulani, anapenda sayansi” amemwambia mwalimu kwamba mtoto hana mdomo. Mfanyishe mazoezi ya mambo matatu tu, kusalimia, jina lake, na kitu kimoja anachopenda kukifanya, na mpe mtu asiyemzoea amuulize. Jirani anatosha.

Tazama pia jinsi mwalimu anavyomsubiri. Anayempa mtoto sekunde kumi za kimya bila kukunja uso anajua kazi yake.

Shule ina viboko. Nifanye nini?

Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani na kuchapa kila anayekosa jibu yuko nje ya kanuni hizo. Muulize mkuu wa shule, kwa adabu, kitabu hicho kinatunzwa wapi. Jibu lake litakuonyesha mengi. Mtoto mwenye haya huumia hata anapochapwa mwingine, maana ndiye anayehesabu zamu yake inakuja lini.

Wakubwa watamwonea?

Kidogo, karibu kila mahali. Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, atatumwa maji, atapewa jina, ataambiwa aimbe. Shule nzuri huweka kidato cha kwanza kwenye bweni lao au upande wao, na kuna mwalimu anayepita usiku bila kutangaza.

Lakini yapo mambo yasiyo utani, na mzazi wa mvulana lazima ayataje kwa majina yake kabla mtoto hajaondoka. Mwambie kwamba mtu yeyote, awe kiranja, mwanafunzi mkubwa, mwalimu, ustadhi au mlinzi, akimgusa sehemu za siri, akitaka walale kitanda kimoja, au akimpa vitu na kumwambia iwe siri, si kosa lake na akuambie wewe. Tunawaonya mabinti kila siku, wavulana tunawaacha. Mtoto mkimya ndiye anayelengwa, kwa sababu mhalifu anaamini hatasema. Mpe njia ya kusema bila maneno mengi: mkubaliane neno moja la kawaida, kwa mfano “niletee dawa ya chunusi,” ambalo akilitamka kwenye simu ya matroni utakwenda kesho yake bila kuuliza. Afahamu pia namba 116, ya bure, ya kusaidia watoto. Likitokea jambo, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi na hospitali siku hiyohiyo, usianzie kwenye kikao cha kusuluhishana shuleni.

Simu je?

Haziruhusiwi kwa wanafunzi. Atapiga kwa simu ya shule, akiwa na foleni nyuma yake, kwa hiyo usitegemee akueleze moyo wake hapo. Barua zinafanya kazi vizuri kuliko mnavyodhani.

Nimwambie mwalimu kwamba mwanangu ana haya?

Ndiyo, mwalimu mmoja, na mtoto asiwepo. Usiseme mbele yake “huyu mpole sana, hajui kusema,” maana atajitahidi kufanana na maneno hayo. Andika nusu ukurasa umpe mwalimu wa darasa: anapenda nini, akikasirika anakuwaje, akiumwa anaficha, anakula polepole, ana rafiki gani aliyekuja naye. Omba jambo moja tu, kwa mfano asisimamishwe kusoma mbele ya darasa bila kuambiwa jana yake. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini hawezi maombi manane, moja analiweza.

Hilo la kuumwa lisisitize. Mwenye haya anaweza kukaa na homa ya malaria siku mbili kitandani kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu.

Fomu ya kujiunga ina orodha ndefu. Kuna cha kuongeza?

Godoro, shuka, ndoo mbili, ufagio, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi, vyote mnavijua. Kwa mtoto huyu ongeza makufuli mawili yenye funguo za akiba, kanga au shuka kuukuu ya kuning'iniza kitandani chini awe na pazia kama shule inaruhusu, na kitu cha kugawana na wenzake usiku wa kwanza: visheti, kashata, au korosho. Hatalazimika kutafuta la kusema, sahani itazunguka.

Andika jina kwenye kila kitu, hata ndoo. Ndoo hasa.

Ana mikono mizuri, si mtu wa maneno. Afuate ufundi?

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Karakana humfaa mtoto mkimya kwa sababu watu hutazama kazi iliyo mezani kabla ya kumtazama mwenyewe. Ila usimpeleke huko kwa kuwa tu haongei. Apende kazi yenyewe.

Ameshaenda, na kila akipiga simu analia. Nimtoe?

Wiki za mwanzo, hapana. Kulia kwenye simu ya nyumbani ni jambo la kawaida, na mara nyingi akishakata simu anarudi kucheza. Muulize matroni anakula vipi, analala vipi, anakaa na nani. Rafiki mmoja anatosha. Asubiri angalau hadi mapumziko ya kwanza, na akirudi msimhoji siku hiyo.

Mtoe mapema ikiwa amekonda wazi, ana alama za kupigwa, ameanza kusema hataki kuishi, au anatetemeka kwa kutajiwa mtu mmoja kwa jina. Hapo usingoje muhula uishe.

Kwa kuhama kwa utaratibu, ongea kwanza na mkuu wa shule unayotaka aende, upate uthibitisho kwamba nafasi ipo, kisha mkuu wa shule anakotoka, na barua zipitie kwa afisa elimu. Fanya hivyo kabla ya kuvuka kidato cha pili, kwa sababu akishaingia cha tatu usajili wa mtihani na michepuo ya masomo hufanya uhamisho kuwa mgumu. Na mwambie mtoto ukweli kwamba anahama, anahamia wapi na lini, ili apate nafasi ya kumuaga yule rafiki yake mmoja.